Tanuri la Siku Moja

Tangu Alhamisi usiku mimi ndiye mlishaji.
Gogo la msonobari kila dakika nne,
si tatu, si tano, kasema fundi Radovan,
naye hulala jicho moja wazi.
Moto huu tumeuazima:
Jumapili jioni tutaumwagia mchanga
na Havraní Huť itarudi kuwa nyasi.

Kijiji? Hakuna kijiji.
Kuna kibao cha bati chenye majina ya familia kumi na tisa,
kuna mashimo yaliyojipanga kando ya njia,
na ukingoni mwa kila shimo maua ya zambarau
ambayo hayakuambiwa
kwamba walioyapanda walipakiwa kwenye malori
kiangazi cha mwaka wa arobaini na sita,
kilo hamsini kwa kila kichwa,
ufunguo uachwe mlangoni.

Leo, lakini, pana mahema.
Pana soseji, bia, bendi ya tarumbeta,
mtoto analilia shanga za buluu,
bwana wa halmashauri anasoma hotuba
na upepo wa mlima unamkatia maneno yale yale
ambayo pengine naye angependa kuyaruka.

Nami nalisha.
Mchanga mweupe, chokaa, jivu la miti.
Zamani msitu mzima uliingia ndani ya bilauri,
watu wakanywa mlima wasijue.

Saa sita basi la kutoka Bavaria likafika.
Akashuka Ottilie Pfohl, miaka themanini na saba,
viatu vya kanisani, mkoba kifuani.
Mahema hakuyatazama.
Aliyahesabu mashimo kwa fimbo,
la kumi na mbili, la kumi na tatu,
akasimama ukingoni mwa la kumi na nne
kama mtu aliyepiga hodi na sasa anasikiliza.

Radovan humpa kila mgeni mzee heshima ya bomba.
Akachovya, akazungusha,
tone likaning'inia, rangi ya chungwa lililoiva kupita kiasi.
"Puliza, mama," akasema kwa Kijerumani chake cha dukani.
Akapuliza.
Tulidhani hapana kitu.
Kisha tone likavimba upande,
likawa kama shavu la mwenye jino bovu.
Radovan akanyoosha ubao uliolowa maji alisawazishe.
Mama akamshika mkono:
"Liache. Baba yangu naye alikuwa na bega moja chini,
miaka thelathini ya kubeba bomba kama hili."

Sasa, kioo na haraka hawana urafiki.
Kikitoka motoni kikakutana na upepo
hupasuka kwa hasira;
sharti kilale tanuri la pili hadi asubuhi,
kipoe jinsi mtu anavyosahau, kidogo kidogo.
Na basi linaondoka saa kumi na moja.
Nikamwambia: andika anwani, nitakutumia.

Akacheka. Meno madogo, yake mwenyewe.
"Sisi watoto hatukupewa kioo kizima.
Vizima viliuzwa. Vyetu vilikuwa mavi ya kioo,
yale ya kijani, tuliyoyaokota kijitoni chini ya kiwanda
tukayaficha uvunguni kama almasi.
Usinitumie. Livunje, ulirudishe kijitoni."

Dereva akapiga honi mara mbili.

Jumatatu nikalitoa: zima, limeinama,
ndani yake kiputo kimoja kama punje ya mtama.

Nimekwenda nalo kijitoni mara tatu,
limeviringishwa kwenye soksi,
nyundo mfuko wa pili.
Mara ya kwanza palikuwa na watu.
Mara ya pili, mvua.
Mara ya tatu hapakuwa na watu wala mvua,
maji yalikuwa meupe hadi chini,
na vile vipande vya kijani vilinitazama
kama ndugu mezani, sahani moja haijaguswa.
Nikakaa. Nikarudi nalo.

Wiki ijayo tunawasha tena.
Kuni nimeshapasua.
Orodha ya abiria wa basi
sijaiuliza.